Windows 95 Haiingii Hapa

Kipkurui,

Windows 95 haitawekwa kwa kompyuta yetu. Rafiki yako Oyugi alisema asubuhi hii kwamba lazima kwanza afute kila kitu, na humo ndani mna nyimbo za kwaya ambazo mama yako amekuwa akichapa tangu Januari. Mashindano ni Jumamosi. Ukanicheka mbele yake: "Baba, wewe uliachia darasa la tano, utajulia wapi mambo ya kompyuta?" Najua kufuta ni kufuta.

Waya wa stima wa kompyuta nimeenda nao shambani, ninakochuma majani chai. ~~Nitaurudisha jioni.~~ Nitaurudisha Jumapili. Wewe kamua ng'ombe.

Kompyuta hiyo niliilipia kwa bonasi yote ya majani na ndama mmoja. Leo wewe, kijana wangu, umetoka bila kuniaga.

Baba