Jedwali la Nyota Sitini

Majimbo, Embu
14 Agosti 1996

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa binti yako. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Mama anaendelea vizuri na biashara yake ya ndizi pale sokoni Gakoromone. Mimi ni mzima, ila baridi ya Embu mwaka huu imezidi. Naenda kufundisha nimevaa sweta mbili.

Uliniuliza kazi yangu ya nyota ni ipi hasa, ili uwaeleze watu wa kanisa. Mwanga wa nyota ukipitishwa kwenye chombo maalum hutawanyika kuwa rangi kama upinde wa mvua, na katikati ya rangi kuna mistari myeusi. Ukiipima mistari hiyo unaweza kukadiria joto la nyota. Picha tulizopewa chuoni Nairobi zilitoka kwenye chombo kisichotenganisha rangi vizuri, kwa hiyo mistari iliyokaribiana huonekana kama doa moja. Ni kazi ya polepole. Nilitengeneza jedwali la nyota sitini, na kwa ajili yake msimamizi wangu, Daktari Kithaka, akanipendekeza nikasome Uingereza.

Sasa yuko Ireri, mwanafunzi mwenzangu, mtu wa hapa Embu. Alikuwa akipima nyota zilezile kwa njia nyingine, na majibu yake tisa hayakulingana na yangu. Daktari akamwambia kosa ni lake, arudie. Alirudia mara tatu. Jumapili alikuja kwangu baada ya ibada na bahasha ya karatasi zake, akaniomba nimwonyeshe ninavyoisoma mistari. Alisema labda macho yake yana kasoro, na kwamba anafikiria kuacha masomo akamsaidie kaka yake kwenye bucha. Nikampa chai, nikaleta mazungumzo mengine. Alipoondoka alinishukuru, Baba. Hapo ndipo nilipolemewa.

Nyota hizo tisa sikuzipima. Mwanga wake ulikuwa dhaifu mno, mistari haionekani, na siku ya kuwasilisha kazi ilikuwa imefika. Nilikisia, nikaandika kana kwamba nimepima. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Ireri nikamwambia. Alinisikiliza tukiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kisha nikaenda Nairobi kwa Daktari. Aliuliza tu, "Ireri anajua?"

Safari ya Uingereza imefutwa. Nitapima upya nyota zote sitini, maana hata zile hamsini na moja hakuna anayeziamini tena. Ireri ameendelea na masomo. Haongei nami.

Najua Jumamosi mmealika watu kuniaga. Tafadhali wajulishe mapema. Utataka kusema ni viza iliyokataa. Usiseme hivyo, Baba. Sema Lorna aliandika asichokipima.

Nisalimie Kivuti na wote wa hapo nyumbani. Mama umsomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ni mimi binti yako,
Lorna Makandi