Tuzo Niliyoiacha Jikoni

Saint Louis Park, Minnesota
9 Machi, 1997

Mdogo wangu mpendwa Victoria,

Nakusalimu kwa upendo, na kabla ya lolote nataka kujua kifua cha Mama kinaendeleaje. Mwambie masika yakianza asitoke alfajiri kwenda kukata majani ya ng'ombe; kazi hiyo awaachie watoto wa shangazi. Na Baba je, bado anabishana na jirani juu ya ule mfereji? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Moyo ndio umechafuka, na sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho. Nakuomba usome ukiwa peke yako, usiwasomee wazazi kwanza.

Barua yako imenifikia. Umefurahi kwamba Jotham amekutumia picha yangu nikipokea tuzo ya jumuiya yetu, na kwamba umewaonyesha walimu wenzako wote hapo shuleni. Umeuliza mbona nimekunja uso kama mtu aliyelishwa shubiri. Najua jinsi unavyomsubiri huyo mchumba wako, na kwamba mwezi wa nane unategemea kuja huku mfunge ndoa. Kwa hiyo ninayoyaandika yananiwia magumu. Lakini nikinyamaza mimi, hakuna mwingine atakayekuambia.

Nianze na kazi, maana umeniuliza siku yangu inakwendaje. Kampuni yetu inauza utabiri wa hali ya hewa kwa shule, kwa wenye malori, na kwa watu wanaokwangua theluji kwenye maegesho ya maduka. Ofisi haina hata dirisha moja. Sisi tunaowaambia watu habari za mbingu tunakaa siku nzima chini ya taa za umeme, tukitazama mawingu kwenye kompyuta. Yuko mteja wa mji wa Savage mwenye magari ya kukwangua. Theluji isipoanguka ananitukana kwa sababu magari yake yamelala. Yuko mkuu wa shule mmoja. Ikianguka ananitukana kwa sababu itabidi afunge shule na wazazi wamlaumu. Wote wawili huniuliza kama nina uhakika, kwa sauti ile ya mtu anayemuuliza fundi kama kweli amewahi kushika nyundo.

Na hiyo theluji yenyewe, usidanganywe na kadi za Krismasi. Ni nyeupe asubuhi moja tu. Baada ya hapo wanaimwagia chumvi na mchanga, magari yanaipaka masizi, mbwa wanaikojolea, na tope lake linakufuata mpaka ndani. Mwaka huu imezidi. Kwenye maegesho imerundikwa vilima vya rangi ya majivu, na kila mlango unaoingia unakulaki kwa harufu ya soksi zilizolowa.

Mwezi wa kumi na mbili nilitabiri dhoruba ambayo wengine waliidharau, nayo ikaja kama nilivyosema. Basi gazeti dogo la mtaa huu likaniletea mwandishi na mpiga picha. Nilidhani wataniuliza nilijuaje. Walichotaka ni nishike koleo la kuzolea theluji, nijikunyate kama ninayetetemeka, kisha nicheke. Nimeishi huku miaka mingi, nimesomea mambo haya mpaka macho yakaanza kunisumbua, lakini habari ikatoka na kichwa cha maneno kuhusu mtoto wa nchi ya joto aliyefanya urafiki na baridi. Mpaka leo watu wasionijua wananisimamisha dukani kuniuliza kama kwetu niliwahi kuona barafu.

Wenzetu wa Afrika Mashariki hawakuwa nyuma. Walewale waliokuwa wakiniuliza lini nitatafuta kazi inayoeleweka, wakaanza kuniita Mzee Theluji na kunivutia wageni wao nipeane nao mikono. Lakini jambo moja la kweli lilitokea: wakaanza kunitegemea. Televisheni za huku hupiga kelele za dhoruba kila wiki, mpaka mtu anazizoea. Wetu walikuwa wanangoja niseme mimi. Mama mmoja wa mji wa Blaine hakuwa anamtoa mtoto nje kabla ya kunipigia simu. Niseme ukweli, hilo lilinifurahisha kuliko gazeti.

Sasa nije kwenye lile la Januari. Jumuiya ilipanga sherehe ya mwaka mpya Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja kule Blaine, mji wa kaskazini ambako bila gari huendi popote. Jotham, kama mwenyekiti, alikuwa amemwalika afisa mmoja wa ubalozi kutoka Washington, na kwa majuma hakuwa na wimbo mwingine. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa zamu. Akanipigia simu ofisini kuuliza hali itakuwaje. Nilimweleza wazi kwamba kuanzia saa za adhuhuri theluji itashuka, kisha upepo utaivumisha mpaka dereva asiione boneti ya gari lake mwenyewe, na kwamba sherehe iahirishwe, mtu asitoke nyumbani. Akajibu kwamba amenielewa na atawaambia watu. Nikaweka simu chini, nikaendelea na kazi nikiwa na amani.

Siku ya pili ndipo nilipopata habari kwamba sherehe ilifanyika. Waliofika walikwama ukumbini wakalala hukohuko juu ya viti. Mgeni wa heshima hakufika. Ndege yake iliishia Chicago. Na Blandina, yule binti wa Bukoba anayesomea uuguzi, gari lake lilikuwa limeserereka mtaroni akiwa njiani kwenda. Injini ikazima. Aliona taa ya nyumba kwa mbali, akatoka kuifuata kwa miguu, na katika kujikwamua kwenye theluji glavu ya mkono wa kushoto ikampotea. Dereva wa gari la kukwangua barabara ndiye aliyemwokota. Hospitali walijitahidi, lakini ncha za vidole vya mkono ule zilikuwa zimekufa, ikabidi zikatwe. Blandina ndiye aliyekuwa akiwasuka wanawake wetu karibu wote huku, Victoria. Nywele zako za harusi angekusuka yeye.

Nilimuuliza Jotham imekuwaje. Alipumua kwa huzuni, akasema aliwaambia watu wasije lakini watu hawasikii, na Blandina hasa alikaidi. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini, mtu anayemwoa mdogo wangu? Nilikwenda hospitali na matunda, Blandina akageuzia uso ukutani, hakunijibu hata salamu. Nikatoka pale nimekasirika, nikisema moyoni kwamba mtu anakaidi onyo kisha anamnunia aliyemwonya. Sikurudi tena kumwona.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili Jotham akaniletea habari kwamba kamati imeamua kunipa tuzo, eti kwa kuwaongoza wenzangu salama katika kipindi cha baridi. Nilikataa. Mtu amepoteza vidole, tunapeana tuzo ya usalama? Akanibembeleza, akasema jumuiya ina majonzi na inahitaji jambo la kuwachangamsha watu. Mwishoni akasema wewe umekwishajua na umefurahi, hivyo nisikuvunje moyo. Hilo ndilo lililonishinda.

Walikodi ukumbi wa kanisa huku Minneapolis. Jotham alivaa suti mpya, akanisifu mpaka nikaona haya, na kila sentensi alinitaja kama shemeji yake: shemeji yangu mtaalamu, shemeji yangu mlinzi wetu. Picha uliyoiona ilipigwa hapo. Nilikuwa sijajua kitu bado. Zilikuwa sifa tu, zilinikaa kooni kama mafuta yaliyoganda.

Blandina alikuwepo. Aliletwa na Jeptoo, Mkenya anayekaa naye chumba kimoja. Niliposhika ile tuzo, na watu wakipiga makofi, nilimwona ameuweka mkono wake wenye bendeji mapajani. Akasimama akatoka. Sijui ni nini kilichonisukuma, lakini nilishuka jukwaani na tuzo mkononi nikamfuata. Nilimkuta kwenye korido ya makoti, Jeptoo akimfunga vifungo. Nikamwambia, tena kwa ukali kidogo, kwamba kama ananichukia kwa sababu nilisema watu wasisafiri, basi anionyeshe kosa langu.

Aligeuka akanitazama. Kisha akasema, "Kaka Tumsifu, mimi nilimpigia mwenyekiti simu kuuliza kama twende. Akasema amezungumza na wewe asubuhi hiyo, na umesema barabara zitakuwa safi mpaka usiku. Nilitoka kwa sababu ni wewe uliyesema."

Nilidhani sikusikia vizuri. Jeptoo akanijibu kwa niaba yake: "Hata mimi aliniambia hivyo hivyo. Nilitoka kazini, nika-drive hadi karibu na mto, nikaona sioni mbele, nikarudi. Ukimuuliza kila mtu huko ndani atakwambia hiyo story."

Nilimwomba Blandina anisamehe kwa kumfikiria vibaya. Alimgeukia Jeptoo amalizie vifungo. Nikaenda jikoni, ambako Jotham alikuwa akionja pilau kwenye sufuria na kutoa maagizo. Nilimuuliza mbele ya wapishi kama ni kweli. Nilitamani akane, Victoria, nakuapia. Angekana, ningepata pa kushikilia angalau siku ile. Hakukana. Alifuta vidole kwa taulo, akanisogelea karibu, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenifanyia hisani:

"Ningesema ni mimi ninayesema, wasingekuja. Ilibidi niseme ni wewe. Ningempokea mgeni kwenye ukumbi mtupu?"

Kisha akanishika bega. "Sisi ni mashemeji. Haya yaishie hapahapa."

Nilijitoa mkononi mwake. Ule mkono begani kwangu, ile harufu ya pilau mdomoni mwake, na kule kutamka neno shemeji! Ndipo nilipoelewa tuzo ile ilikuwa ya nini. Alitaka nisimame mbele ya watu niipokee, ili siku Blandina akisema, aonekane anamsingizia mtu aliyekwisha kutukuzwa, na mimi nione aibu kuuliza. Niliiweka pale mezani, kando ya maganda ya vitunguu, nikarudi ukumbini, nikachukua kipaza sauti.

Sikusema mengi. Nilisema kwamba siku ile nilimwambia mwenyekiti watu wasitoke nyumbani. Kwamba yeyote aliyeambiwa nimesema njia ni salama alidanganywa. Na kwamba Blandina hakukaidi neno la mtu. Nikakaa.

Unajua kilichofuata? Watu waliinamia viatu vyao. Wengi pale walikuwa wameambiwa uongo huohuo, walilala juu ya viti kwa sababu yake, lakini hakuna aliyesimama kusema hata mimi. Kisha Mzee Cyrus, mkubwa wetu kwa umri, akasafisha koo na kusema kwamba mambo kama haya huzungumzwa na kamati, na chakula kinapoa. Wakapanga foleni na sahani zao. Nilitazama mgongo kwa mgongo, watu ninaowapenda, waliosimama nami kwenye misiba, wakisukumana kuelekea kwenye nyama. Nilitoka bila kula, nikawarudisha nyumbani Blandina na Jeptoo.

Tangu siku hiyo nimepigiwa simu nyingi. Hakuna hata moja iliyouliza hali ya Blandina. Wanasema ningemwita mwenyekiti pembeni, wanasema gazeti limenivimbisha kichwa. Jotham bado ni mwenyekiti, kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka kazi ya kukodi kumbi na kupika kwa umati. Hajamwomba Blandina msamaha. Amewaambia watu kwamba lilikuwa suala la kutoelewana kwenye simu. Na wewe, kama ninavyosoma kwenye barua yako, amekuandikia kwamba binti mmoja alikaidi onyo langu akapata ajali. Amekudanganya na wewe, Victoria, kwa mwandiko wake mwenyewe, katika barua ya mapenzi.

Kazi naendelea nayo. Yule mama wa Blaine hanipigii tena. Nimesikia sasa anatazama televisheni. Blandina ninampeleka kliniki kila wiki kwa mazoezi ya mkono. Juzi alinijibu salamu, kisha akaniuliza mwenyewe kama jioni itaganda. Nilimwambia itaganda. Akakaa nyumbani.

Sasa lililobaki ni lako. Baba sijamwandikia, amepokea barua ya posa kwa mikono miwili na sitamvua furaha hiyo kabla wewe hujaamua. Sikuamrishi. Wewe ni mtu mzima, na labda kwako Jotham amekuwa mtu mwingine kabisa nisiyemjua. Lakini umuulize neno hili moja, na usimsaidie kujibu: siku ile ya Januari aliwaambia nini watu waliompigia simu? Jibu atakalokupa ulipime mwenyewe. Ukiamua kuja, nitakuwa uwanja wa ndege na koti nene mkononi, maana wewe ni mdogo wangu na utafikia kwangu. Ila siku ya harusi usinitafute kanisani. Nitakuwa zamu.

Nisalimie Mama na Baba, shangazi na watoto wake, na walimu wenzako waliofurahia ile picha. Usiwaeleze lolote, watajua kwa wakati wake. Mungu akuongoze katika kuamua, nami nangoja mwandiko wako.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Tumsifu