Mguu Upi Ufungwe

Jumatatu, 3 Machi

Sare za kwaya tena. Sketi nne zimeisha, kola hazijaanza. Mguu wa bandia nimeufunga kwenye kikanyagio cha cherehani kwa ule utepe wa kitenge, kama kila siku, la sivyo unateleza na uzi unakatika. Mteja mmoja amechungulia chini ya meza akasema pole. Nkt. Pole ya nini, na sketi yake si imeisha?

Jioni Njeri amepita kibandani na baiskeli yake. Kikundi chetu cha baiskeli kinakwenda kilima cha Lukenya Jumapili ya tarehe thelathini, ile njia ya mawe. Kabla ya ajali nilikuwa naipanda bila kushuka, Njeri nyuma yangu akihema. Ameniuliza kama nitakuja kuwashangilia. Kushangilia! Nimemwambia nitakuja kupanda. Na nisipofika juu bila kushikwa na mtu, baiskeli yangu ni yake. Nimeapa.

Njeri hakucheka. Afadhali angecheka.

Jumanne, 4 Machi

Wafula ameamka kabla ya alfajiri tena. Nimemkuta jikoni, amekaa tu, chai imepoa mbele yake. Mume wangu hajalala usingizi wa kueleweka tangu ile siku. Nikimuuliza anasema ni joto.

Nimekuwa nikiwaza baiskeli. Tatizo ni hili: kuanzia chini ya goti la kulia mimi ni plastiki na chuma. Sijui mguu uko kwenye pedali au uko hewani mpaka nitazame. Na kwenye mawe, anayetazama miguu yake ameshaanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa Kariuki, fundi wa baiskeli, hapa mtaani Fedha. Wafula amenisindikiza. Kariuki alipangusa mikono, akanipangia pedali juu ya gunia kama mama wa nyanya.

Kuna bapa zenye meno ya chuma. Zinang'ata soli, lakini mguu ukiruka umeruka. Kuna za kamba, unachomeka vidole na kukaza. Ukitaka kushuka sharti uiname ufungue, na mawe hayakungoji. Halafu za klipi. Kiatu chake kina kichuma chini ya soli. Unakanyaga, pedali inakibana, tak. Ukitaka kutoka unazungusha kisigino nje, basi.

"Mama Neema, chukua hizi," Kariuki amesema. "Lakini funga ule mzima peke yake. Huu mwingine utauzungusha na nini? Hauna kifundo."

Wafula ameitikia kwa kichwa. Njeri kwenye simu naye kasema hivyohivyo. Hata mimi nimeona ni akili. Basi kushoto klipi, kulia bapa. Nimejaribu kuikaza ile ya kushoto mwenyewe, ikakataa, Kariuki akacheka mpaka akashika tumbo. Kumbe pedali ya kushoto hukazwa kinyume. Kwani ningejuaje?

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada, uwanjani. Wafula amekimbia nyuma yangu na suruali ya kanisani, ameshika siti. Watu wa mtaa wa Kware wametutazama kutoka orofani kana kwamba kuna fainali.

Kuingia rahisi. Kutoka, aki! Nilisimama, nikasahau kwamba nimefungwa, nikajiona nalala upande polepole kama gunia la viazi. Njeri anasema kila mtu huanguka hivyo mara ya kwanza, hata walio na miguu yote. Nimecheka.

Wafula hakucheka. Nilipopanda tena alishika siti kwa mikono miwili.

Jumatano, 12 Machi

Kisigino nje, kisigino nje. Nimefanya mazoezi nimeegemea ukuta mpaka jirani akauliza kama ninapiga mbu. Mguu wa kushoto umeanza kujua wenyewe. Ninafurahi. Wacha niandike hivyo, sijaandika neno hilo siku nyingi.

Jumapili, 16 Machi

Nimeanguka vibaya.

Njia ya vumbi kando ya reli, kokoto kidogo tu. Wafula alikuwa ameachwa hatua chache nyuma. Baiskeli iliruka, mguu wa kulia ukatoka kwenye pedali, nami sikujua. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nikakanyaga hewa. Nimeangukia kulia, goti limekunjika chini yangu, na mguu mzima, ule ambao ungeniokoa, umefungwa tak kwenye pedali.

Kigutu kimechubuka, damu mpaka kwenye soksi. Wafula amenibeba. Uso aliokuwa nao ninaujua, ni ule wa siku ya ajali.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi amesema nisivae mguu mpaka ngozi ifunge. Kibanda kimefungwa, kwaya wanapiga simu.

Baiskeli haiko mlangoni. Nimeruka kwa magongo mpaka kibarazani. Iko juu, imetundikwa kwenye ndoano ya dari. Hata nikiwa na miguu miwili nisingeifikia. Wafula ameenda kazini bila kuaga.

Nina hasira.

Jumanne, 18 Machi

Tumegombana.

"Shusha baiskeli yangu."

"Sishushi."

"Mimi ni mtoto wako?"

Alivuta kiti akakaa. Halafu: "Mama Neema, ile pikipiki ni mimi niliyekuwa naendesha. Wewe ulikuwa umenishika kiuno tu."

Najua. Tangu tutoke hospitali hajawahi kulisema, lakini liko mezani kila tunapokula. Lori lilitokea upande. Yeye alitoka na kiwiko kilichochubuka, mimi nikatoka bila mguu. Sijamlaumu hata siku moja, Mungu ni shahidi.

Leo nimemlaumu. Si kwa ajali. Kwa kunishika. Nimemwambia lori lilichukua mguu mmoja na yeye anautaka uliobaki.

Aliinuka akaenda jikoni. Ni neno baya, najua. Lakini silifuti.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Magongo yanateleza kwenye ngazi. Sikutoka.

Nilishika simu nimwambie Njeri aje achukue baiskeli. Nikaiweka. Nikaishika tena. Mwanangu Neema akirudi kutoka shule ya bweni atauliza baiskeli ya mama iko wapi, nitamwambia nini? Nimechoka kuwa mtu wa kubebwa. Nimelia, nimenawa uso, nimechambua mchicha.

Jumatatu, 24 Machi

Kigutu kimepona, nimevaa mguu, nimerudi kibandani. Kola za kwaya.

Wacha niliandike hili vizuri.

Mama Otieno wa duka la unga amekuja kupunguziwa gauni. Alikaa kwenye stuli akinitazama kazini, halafu akauliza, bila pole, bila nini: "We Nekesa, mbona umefunga huo wa plastiki na huu mzima umeuacha?"

Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Huu mzima unajua uliko. Wa kufungwa ni ule usiojua."

Sindano ikasimama. Mimi ndiye niliyeisimamisha. Mama wee! Miezi yote hii naufunga mguu wa bandia kwa utepe, kila asubuhi, kwa mikono yangu, halafu naenda kwa Kariuki naambiwa nifunge ule mwingine, nami naitikia ndiyo ndiyo kama kasuku.

Mama Otieno alidhani nimejichoma sindano. Nimemkumbatia. Gauni lake nitalipunguza kesho.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwita Wafula kibandani baada ya kazi. Hatujasemezana vizuri tangu wiki jana, lakini amekuja. Sikumhubiria. Nimeshona mbele yake bila utepe: mguu ukateleza, uzi ukakatika. Nikaufunga, nikashona mstari mzima. Halafu nikamwambia, sasa fikiria ni baiskeli. Kulia imefungwa. Kushoto iko huru, na kushoto ndiko kuna ukingo wa barabara. Nikitaka kusimama, mguu wangu mwenyewe unakanyaga chini.

Alitazama ule utepe muda mrefu. Aliuliza kitu kimoja: "Na ukiangukia kulia?"

Nimemwambia sijui.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi baiskeli iko mlangoni. Ameipangusa vumbi.

Kwa Kariuki. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mathe, hiyo ni kinyume na watu wote." Nikamwambia hata mguu wangu ni kinyume na wa watu wote. Amehamisha kila kitu. Klipi kulia, bapa ya meno kushoto. Kichuma cha kiatu amekirudisha nyuma kuelekea kisigino ili mguu usicheze. Amelegeza skrubu ya klipi mpaka mwisho, ili isibane sana. Na amenitafutia kichuma cha aina nyingine, kinachoachia hata mguu ukivutwa juu au ukipinda, si kwa kisigino peke yake. Wafula amekijaribu kwa mkono, upande huu, upande ule, tena na tena. Hilo ndilo lililokuwa jibu la swali lake.

Kutoka ninazungusha paja lote, kuanzia nyongani. Si rahisi. Lakini kinatoka.

Jumamosi, 29 Machi

Uwanjani. Mguu wa kulia hauniambii kitu, lakini sasa kuna mlio. Tak, na ninajua uko pale, na unabaki pale. Nimepita kwenye matuta, nimepita kwenye kokoto, haukuruka. Kila ninaposimama, mguu wangu wa kushoto unagusa ardhi kama zamani. Nilitamani kupiga kelele.

Kitu kimoja. Baiskeli ni nzito. Nikageuka, Wafula bado ameshika siti. Anaogopa, nami naogopa. Kesho Lukenya.

Jumapili, 30 Machi

Mikono inauma, mwandiko huu ni wa kuku.

Kikundi kilitangulia, Njeri akibaki nyuma yao akijifanya gia inamsumbua. Wafula alikuja kwa miguu, mbio fupi na kutembea. Sehemu ya chini niliipanda vizuri. Jua kali, mawe yanazunguka chini ya gurudumu. Katikati, pale pa jabali lililokaa kama ngazi, pumzi iliisha. Nikasimama. Mguu wa kushoto chini. Sikuanguka.

Shida ikawa kuanza tena. Kwenye mteremko baiskeli inarudi nyuma. Nilichomoa mguu wa kulia, nikajipanga upya, nikajaribu kuurudisha. Kichuma kikakwaruza pedali, hakuna mlio. Tena. Hakuna. Wote waliokuwa juu wananitazama, na macho yao yalinikera kuliko jua. Njeri hakutazama baiskeli yangu, alitazama milima ya mbali. Mungu ambariki.

Nikasikia viatu vya Wafula nyuma. Nikaona kivuli cha mkono wake kinakuja kwenye siti.

"Usishike."

Mkono ulibaki hewani. "Mama Neema, utaanguka."

"Nitaanguka. Usishike."

Sikugeuka. Nilisubiri kivuli kiondoke, na kilichelewa. Kikaondoka. Niliposikia amekaa juu ya jiwe, ameshusha pumzi kama mzee, ndipo nikaelekeza gurudumu upande kidogo, nikabana breki, nikasukuma paja chini.

Tak.

Sikumbuki sehemu yote ya juu. Nakumbuka nikikoroma kama ng'ombe. Nakumbuka hapakuwa na uzito kwenye siti. Nilipofika Njeri alikuwa analia, nikamwambia ajinunulie baiskeli nyingine, hii hapati.

Wafula alifika mwisho. Alisimama mbele yangu, mikono nyuma ya mgongo, kama mtu aliyekatazwa kugusa nguo dukani. Nikamwambia sasa unaweza kunishika. Alinishika. Alilia mbele ya watu wote, mtu mzima, wala hakujificha. Hatukusema habari ya pikipiki. Siku ikija tutasema.

Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi nimetoka peke yangu, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia Wafula jana. Akasema basi uchukue maji. Nilipotoka kitandani alikuwa macho.

Chini, getini, nikakanyaga. Tak. Asubuhi kuna utulivu, mlio ulipanda mpaka juu. Nilidhani nitaona kichwa chake kibarazani. Sikuona kitu.

Nimeenda hadi relini, nikapita pale nilipoanguka, nikarudi. Vibarua wa Mukuru walikuwa wanaelekea viwandani, mmoja akasema "Niaje, mathe," nikamjibu "Poa." Hakuna aliyetazama mguu.

Nimepanda ngazi nikidhani nitamkuta jikoni. Jikoni hakuna mtu. Sufuria ni kavu.

Yuko kitandani. Amelala, mdomo wazi, anakoroma, jua limeshamfika usoni wala hana habari. Nimesimama mlangoni nikamtazama.

Mguu nimeuvua taratibu, nimeulaza juu ya zulia usije ukagonga sakafu. Chai nitapika akiamka.