Aliye Chini ya Shuka Hakatizwi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 14 Juni, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua huanza na hali, na nitakuuliza hali sasa hivi, lakini kuna jambo nisipolitanguliza nitaliruka kama ninavyoliruka kila siku. Sijamwambia Mama, sijamwambia Baba, sijamwambia hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Tangu muhula huu uanze, Shangazi, sifurahii kitu. Usishtuke. Sijagombana na mtu, sina homa, wala sijawaza kujidhuru. Ni kwamba asubuhi mwili wangu unaamka, unaoga, unavaa sare, unakwenda shule, na mimi mwenyewe nimebaki kitandani.

Haya, nimelisema.

Sasa hali. Mgongo wako unaendeleaje? Mama alituambia wamekuhamishia zamu ya alfajiri huko kazini, nami nikakuhurumia, maana nakujua wewe na usingizi wa asubuhi. Mjomba anayeishi ng'ambo ya barabara yako bado anakuja kula bila kualikwa? Sisi huku wazima. Mama anashona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu. Mdogo wangu ameng'oka meno ya mbele na anazungumza kwa mbwembwe kama mzee wa baraza. Baba yuko na saluni yake na vichwa vyake, kama kawaida.

Nirudi kwenye lile langu. Shuleni tunafundishwa kwa lugha ile nyingine, na kwa lugha ile jambo hili nalijua jina. Lilikuja kwenye somo la biolojia, nikaliandika bila kosa kwenye mtihani, nikapewa alama zote. Lakini nyumbani kwetu watu hawaugui kwa lugha ya mtihani. Utamwambiaje baba yako, anayesimama kwa miguu kutoka asubuhi mpaka jioni, kwamba wewe uliyekaa umechoka?

Ndiyo maana nakuandikia habari za mpira. Usicheke, najua hupendi mpira. Vumilia tu, utaona unakofika.

Unamkumbuka Kiberiti? Yule mchezaji mfupi ambaye picha yake Baba aliitundika juu ya kioo cha saluni, mwaka ule timu ilipochukua kombe. Sasa mwezi mzima alikuwa akiharibu. Mara kakosa mazoezi, mara kachelewa basi la timu, mara picha inazunguka kwenye simu za watu amelala ndani ya gari mchana kweupe. Jumapili iliyopita wakampanga hivyo hivyo, na sisi wote tukajazana saluni mbele ya televisheni.

Shangazi, sijui nikuelezeje lile goli. Aliupokea mpira kifuani, ukateremka mguuni taratibu kama paka anavyoteremka ukutani. Beki wa kwanza akapita kama mtu aliyekosea mlango. Wa pili akaanguka mwenyewe. Kipa akatoka, na Kiberiti akauinua mpira kidogo tu, kama unavyompandisha mtoto ngazi, ukampita kipa juu ya mabega na kuingia. Saluni nzima ilisimama. Hata mteja aliyekuwa na povu la sabuni kidevuni alisimama.

Halafu Kiberiti akakaa chini. Hakupiga magoti, hakuanguka. Alikaa tu kwenye nyasi, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Wenzake wakamrukia wakidhani ni mbwembwe za kushangilia. Walipomwondokea, bado amekaa. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano kwa kupoteza muda. Ndipo akainuka, akavua kitambaa cha unahodha, akakilaza kwenye nyasi kwa upole, akatoka uwanjani bila kumtazama mtu.

Watu wakapiga kelele. Mimi ule uso niliutambua. Nauona kila asubuhi ninapopiga mswaki.

Wiki nzima ikawa ni Kiberiti, Kiberiti. Na jana, Jumamosi, ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama picha yake ishushwe.

Hapa lazima nikueleze sheria ya saluni, maana ilianza baada ya wewe kuondoka. Unajua wateja wa Baba wanavyobishana. Siku moja dereva wa lori tunayemwita Breki alikuwa ananyolewa, akasikia mtu nyuma anaitukana timu, akageuka ghafla kumjibu, na nusu ya sharubu zake zikaenda. Tangu siku hiyo Baba akaweka sheria: aliye chini ya shuka hakatizwi. Ukishafungwa lile shuka jeupe shingoni, sema utakalo, hakuna wa kukujibu mpaka shuka likung'utwe. Basi, ikawa watu wanakuja kunyolewa ili wasikilizwe. Breki mwenyewe ana kipara kama yai, lakini kila Jumamosi analipa, anafungwa shuka, anahutubia, na Baba anampitishia brashi kichwani kama anafuta meza.

Jina la Breki, endapo hukuwahi kusikia, linatokana na lori lake kukatika breki mwaka juzi, akashinda kutwa nzima barabarani peke yake. Ni kisa cha mtaa mzima.

Jana alianza yeye. Akasema mshahara ule, nyumba ile, magari yale, halafu mtu anakaa chini? Yeye akikaa chini nani ataendesha lori? Akafuata karani wa benki tunayemwita Takwimu, kwa kuwa anajua idadi ya magoli ya kila mtu duniani ila hajui umri wa watoto wake. Yeye akatoa hoja kwamba magoli ya Kiberiti hayajapungua, na mgonjwa hafungi magoli, kwa hiyo Kiberiti si mgonjwa, ana kiburi tu. Fundi umeme peke yake ndiye aliyesema kwa sauti ya kujitetea kwamba alisikia redioni kuna kitu kinaitwa sonona, ugonjwa wa kukosa furaha, kinaweza kumshika mtu yeyote hata akiwa na mali. Shuka lilipomtoka tu, Breki akamjibu, "Sonona ni ya wenye nafasi, fundi. Sisi wengine tuna kazi." Wakacheka mpaka kioo kikatikisika.

Baba hakucheka wala hakununa. Msemo wake unaujua: kinyozi hana timu, ana vichwa. Wakakubaliana picha ishuke, na fundi umeme, maskini, ndiye aliyetumwa akalete ngazi yake.

Nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri kunyolewa, kwa sababu shuleni wanataka nywele fupi na Jumatatu wanakagua. Nikaitazama ile picha, Shangazi, na nikawaza: ikishuka, na mimi nimeshuka nayo. Kama mwenye miguu ile haruhusiwi kuchoka kwa ndani, mimi nitaruhusiwa na nani? Na Baba akiinyamazia picha ishuke, basi hata siku nikimweleza yangu, jibu lake nimeshalijua.

Zamu yangu ikafika. Ujue zamu yangu huwa ndiyo mapumziko ya saluni. Kwa kuwa sisemi, watu huitumia kutoka nje kununua soda. Takwimu alikuwa ameshasimama, anapapasa mfuko. Baba akanifunga shuka, akawasha mashine. Nikasikia sauti inasema, "Hakuwa anaringa." Nikashangaa ni nani. Ni mimi.

Takwimu akakaa.

Sikumbuki yote niliyosema. Nilisema mtu anaweza kufanya kitu kizuri sana na asisikie chochote ndani, kama unapobonyeza swichi na taa haiwaki. Nilisema nyinyi mmeliona goli, yeye hajaliona. Kisha, sijui kwa nini, likanitoka hili: "Mimi muhula uliopita nilikuwa wa tatu darasani. Muhula huu ulipoanza, mwalimu aliponipa karatasi ya matokeo nilitaka kukaa chini sakafuni. Sikuwa naringa. Nilikuwa nasubiri furaha ije, haikuja. Bado naisubiri."

Basi. Kwenye kioo nilimwona Breki anafungua mdomo, na fundi umeme amesimama mlangoni na ngazi begani.

Sasa sikiliza alichofanya Baba. Nywele zangu zilikuwa zimekwisha, Shangazi. Zilikuwa zimekwisha kitambo. Lakini hakuzima mashine na hakulifungua shuka. Aliendelea kuipitisha hewani, umbali wa kidole kimoja juu ya kichwa changu, polepole, huku na huku, akinyoa upepo. Mkono wake mwingine aliuweka utosini kwangu, ukatulia hapo. Breki akakohoa kidogo, na Baba akamtazama kwenye kioo, akasema, "Shuka bado."

Nimeona goli la Kiberiti, na nilidhani sitaona kitu kikubwa zaidi ya lile mwaka huu. Nimeona wanaume wazima, wabishi wasiowahi kumaliza dakika bila kukatizana, wamekaa kimya wakisikiliza mashine isiyonyoa kitu. Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyeitazama simu. Ngazi ilibaki begani mwa fundi, na nadhani ilimuuma, lakini hakuishusha. Muda gani sijui. Niliona ni kama walikuwa wananipa nafasi ya kurudi kutoka mahali fulani mbali.

Baba alipolikung'uta shuka mwishowe, hakuna aliyenijibu. Breki ndiye aliyeinuka, na kwa kuwa alikuwa ameshanyolewa asubuhi ileile nikadhani anaondoka. Akakaa kwenye kiti. Akajifunga shuka mwenyewe. Kisha akasema akikitazama kioo, taratibu, kama anasoma maandishi ya mbali:

"Mwaka juzi breki hazikukatika. Lori lilikuwa zima, mafuta yapo. Niliegesha pembeni ninywe maji, nikashindwa kugusa ufunguo. Nilikaa mpaka jua likazama, natazama ule ufunguo. Tajiri mwenye lori aliponipigia nikamwambia breki. Mkanipa na jina."

Baba akachukua brashi, akampitishia kichwani, safari hii si kama anayefuta meza.

Tangu nizaliwe nimemwita yule mtu Breki... la, siyo tangu nizaliwe, tangu mwaka juzi, lakini unanielewa. Kila tulipomwita tulikuwa tunamkumbusha ile siku, naye akiitika kwa sauti ya juu kuliko wote. Sijawahi kumwogopa na kumheshimu mtu kwa pamoja namna ile. Mtu anaweza kubeba kitu ndani ya jina lake mwenyewe, mbele ya watu wote, kisionekane. Wakati wa kuondoka, Takwimu alimwita "kaka". Fundi umeme akarudi na ngazi yake kama alivyokuja nayo. Picha ya Kiberiti bado iko juu ya kioo, imeinama kidogo upande wa kushoto, na hakuna anayeitaja.

Ya mpira ndiyo hayo. Tetesi ni kwamba klabu imempumzisha Kiberiti na hatujui kama atarudi. Natamani angejua kuna saluni moja haimdai goli.

Kilichobaki ni Baba. Tangu jana hajaniambia neno. Jana jioni nilisikia ndala zake zinakuja mpaka mlangoni kwangu, zikasimama, zikarudi. Leo baada ya chakula cha mchana zikaja tena, zikasimama, zikarudi. Mara hiyo ya pili niliisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha ramani na kujifanya natafuta mto fulani. Ndivyo tulivyo sisi wawili, Shangazi. Yeye anajua kunyoa, mimi najua kunyamaza. Wewe uliyekua naye nyumba moja, niambie: alikuwa hivi tangu utotoni? Na wewe je, uliwahi kushindwa kugusa ufunguo? Nijibu hata kwa mistari miwili. Usimpigie Mama kabla hujanijibu, tafadhali, atafunga cherehani na kuanza kulia, na sare za watu zitachelewa.

Nisalimie Bibi, mwambie kitambaa alichonifumia nakilalia. Wasalimie binamu zangu wote wawili, yule mkubwa na yule mchokozi. Mjomba mla-bila-mwaliko naye mpe salamu zake, ila usimpe sahani ya pili. Mungu akulinde katika hizo alfajiri zako, akuwekee mtu wa kukusalimia njiani kabla hakujapambazuka.

Ndala hizo zinakuja.

Kitabu cha ramani kiko karibu na kiwiko changu. Sikigusi. Karatasi iko wazi mezani, na maandishi yangu ni makubwa, mtu anaweza kuyasoma akiwa amesimama.

Zimesimama. Hazijarudi. Mlango unafunguka.

Ni yeye. Shuka jeupe liko mkononi, limekunjwa vizuri. Mashine hana. Amelitandaza mabegani mwangu, amelifunga shingoni, amevuta kigoda cha mdogo wangu na kukaa mbele yangu, magoti yake yakigusa yangu. Anasubiri.

Naiweka kalamu chini, Shangazi, zamu yangu imefika.

Wako akupendaye siku zote,
binti wa kaka yako, yule uliyemwita Sikio.