Tangu Alhamisi Ananiita Mama Mdogo

Shymkent, Jumapili

Kwako Dada Kulyash,

Alhamisi iliyopita, wakati wa chai ya jioni, nilipoteza jina la mama. Nimeona nikwambie hilo kwanza ndipo nikujulie hali. Mgongo wa shemeji umepoa? Na wewe sukari imeshuka? Sisi ni wazima wa mwili. Naandika kwa sababu kwenye simu ungenihurumia kabla sijamaliza.

Karakana yangu unaijua: nilianza na cherehani moja ya kuazima, leo ziko sita, na bado nashona kwenye meza moja na wenzangu. Siku hiyo Aizat alituletea maandazi, akarudi jikoni kuchemsha maji. Zeinep, mkata vitambaa wetu, akaniuliza mbele ya wote, kama anayeuliza bei ya uzi: "Bibinur, huyu binti ulimzaa au ulipewa? Maana pua si yako." Wakacheka.

Nilikuwa na haki ya kukasirika, Dada. Aizat alishikishwa mfupa wa muundi wa kondoo mbele ya ukoo mzima, kwa desturi yetu ya kumpokea mtoto, akawa wangu. Mwenyewe anajua, mfupa umetundikwa juu ya kitanda chake. Baada ya mfupa ule, mwenye adabu haulizi tena, na Zeinep ni Mkazaki kama sisi.

Ningeweza kumwambia anywe chai yake. Ningeweza kusema pua ni ya marehemu mama yetu, na ni kweli. Lakini niliona wanangoja utasa wangu unidhalilishe, nikatafuta jibu la kuwafunga midomo. Nikasema nilipewa kwa sababu dada yangu alikuwa na watoto wengi na unga haufiki mwisho wa mwezi, nikamsaidia. Wakausifu moyo wangu. Nami nikazipokea sifa.

Aizat alikuwa nyuma ya pazia na birika mkononi. Akaja, akawamiminia wote chai kidogo kidogo kwa heshima. Bakuli langu la chai akalijaza hadi ukingoni, kama anavyojaziwa mgeni anayetakiwa aondoke. "Kumbe nililetwa kwa ajili ya unga, mama mdogo," akasema taratibu.

Tangu hapo ananisalimu, anaosha vyombo, nikimtuma anakwenda. Ila jina ni hilo. Na ameulizia basi la kuja kwako.

Wewe na mimi tunajua unga ulikuwepo. Ni mimi niliyekuja na theluji mabegani, nikashika pindo la gauni lako, nikakuomba. Ulikuwa unamnyonyesha. Ulilia, maziwa yakikulowesha kifua, ukanipa. Hata shukrani hukudai. Nami nimekufanya ombaomba mbele ya mwanao, ili isijulikane kwamba mwombaji nilikuwa mimi.

Zeinep alikuja kuniomba radhi, nikashindwa kumtazama. Swali lilikuwa lake, jibu ni langu. Kesho wakati wa chai nitawaeleza nani alimwomba nani. Aizat nimeshamweleza, haamini. Anadhani nakusitiri.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Barua hii dereva wa basi atakufikishia Jumanne. Basi la kuja huko linaondoka Jumamosi alfajiri, na nauli nimeshaitia mfukoni mwa koti la Aizat. Nipigie kabla ya Ijumaa adhuhuri, naye akiwa kando yangu. Usiniambie tutaona. Utamwambia kwamba nilikuomba, ndiyo au hapana?

Mdogo wako,
Bibinur