Shemeji Aliyemwaga Maziwa Anayokunywa

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijasema neno ambalo halitarudi mdomoni, maana nina hasira mpaka nikikamua ng'ombe naye anajua, hatulii.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mume wangu ni fundi baiskeli, na nyuma ya nyumba tuna ng'ombe wawili, mmoja tunamwita Bi Mkubwa kwa sababu mume wangu alimnunua kabla hajanioa, na kusema kweli huyo ndiye anayetulisha, baiskeli siku hizi kila mtu anajitengenezea mwenyewe. Kila asubuhi nakamua, nachuja kwa kitambaa nilichokichemsha, naweka ndoo juu ya meza pale getini, na majirani wanakuja na vyombo vyao, mama chai wa kona, mwalimu mstaafu, binti mwenye mapacha, na dada yangu wa tumbo moja, ambaye ana chupa yake kubwa na sijawahi kumtoza, damu ni damu.

Sasa mume wa dada yangu ni bwana afya wa halmashauri, na tangu kiwanda cha maziwa kilipofungua kituo cha kukusanyia huku kwetu, huyu shemeji akaanza kuniambia kwamba mambo yamebadilika, kwamba maziwa yote lazima yapite kituoni na mtu kama mimi kuuza getini ni kosa, ila kwa kuwa mimi ni ndugu atanifundisha, nikiulizwa nisikubali kabisa kwamba maziwa ni yangu, niseme nimewekewa na mtu, wakikosa mwenyewe watachoka watakwenda zao. Nikamwamini kwa sababu ana sare na kalamu mbili mfukoni, na kwa sababu anakunywa maziwa yangu.

Wiki iliyopita wakaja na gari, yeye na mkubwa wake na askari wawili wa halmashauri, wateja wamesimama na vyombo mkononi, mkubwa akauliza haya maziwa ni ya nani, nikamtazama shemeji, shemeji akaangalia viatu vyake, nikasema si yangu, nimewekewa. Mshauri, nilisema hivyo huku nanuka zizi na kamba ya ndama iko begani. Mkubwa akasema maziwa yasiyo na mwenyewe hayauzwi kwa watu, mwageni, na aliyeinua ndoo ni shemeji. Akamwaga mtaroni ya kwanza, akamwaga ya pili, mbele ya binti wa mapacha aliyekuwa ameshika kikombe cha mtoto, mbwa wa jirani wakaja kulamba, na mwalimu mstaafu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akitukana, akatukana.

Mimi pale sikulia. Nililia nilipoingia jikoni nikakuta chupa ya dada yangu dirishani imejaa, maana ya kwao huwa naitenga kwanza, na jioni dada akaja kuichukua kama kawaida, macho chini, nikampa.

Jumatatu nimeitwa mbele ya kamati ya halmashauri. Shemeji amemtuma dada aniambie nishikilie maneno yale yale, kisha niombe radhi na nikubali kuanzia sasa kupeleka maziwa yote kituoni, ambako wanayaonja, wanakunja uso, wanakupangia bei, halafu majirani zangu wakayanunue hayo hayo kwenye pakiti. Nikibadilisha maneno itajulikana nani alinifundisha, shemeji atafukuzwa kazi, na dada yangu ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Mama mkwe anasema nimeze tu, ndugu ni ndugu. Mume wangu yeye anakaza spoku za baiskeli tu. Nimeze, au niseme, na hivi ni kweli kuuza maziwa ya ng'ombe wangu ni kosa?

Mwenye Bi Mkubwa

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Bi Mkubwa, pole. Nimesoma barua yako nikasimama, nikaizunguka meza, nikaisoma tena, na hiyo hasira sasa tunayo wawili. Lakini kabla sijamfikia huyo shemeji naanza na wewe, kwa hiyo kaa.

Ulimkana ng'ombe wako. Mnyama anayekulisha, anayewanunulia watoto madaftari, ukaulizwa maziwa yake ni ya nani, ukasema si yako. Najua uliogopa. Gari la halmashauri likisimama getini, hata mwenye haki hutafuta pa kujificha, ila wewe ulijificha mahali pabaya kuliko pote. Barua yako niliipeleka kwa wakili anayetusaidia hapa gazetini, akazitafuta sheria ndogo za halmashauri yenu, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma pale ofisini kwao. Nakupa kwa Kiswahili cha jikoni: mfugaji anayeuza maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mtu anayekwenda kuyanywa, hahitaji leseni wala kupita kituoni. Leseni ni ya mchuuzi, yule anayenunua kwa mwingine akauza. Waliokuja kwako walikuwa na haki ya kukagua usafi, basi. Uliposema umewekewa, ulijitoa mwenyewe kwenye ufugaji ukajiingiza kwenye uchuuzi, na mchuuzi asiye na leseni maziwa yake humwagwa. Ungesema "ni yangu", zile ndoo wasingekuwa na haki ya kuzigusa.

Na nani alikufundisha useme vile? Bwana afya, mtu anayelipwa kuijua sheria hiyo. Kama hakuijua, anakula mshahara wa bure. Kama aliijua, alikuchimbia shimo huku mkono mwingine umeshika chupa ya maziwa yako. Kikulacho ki nguoni mwako, na chako kina sare na kalamu mbili. Na sina ugomvi na kituo, anayetaka kupeleka apeleke. Kinachonichoma ni mwenye ng'ombe wawili kutishwa kwa kosa ambalo halipo, ili mwenye kiwanda asikose maziwa.

Jumatatu nenda, na usiende peke yako. Nenda na mama chai, nenda na mwalimu, nenda na binti na mapacha wake wote wawili, wenye njaa kama inawezekana. Kabla ya hapo mwite daktari wa mifugo awapime ng'ombe wako na akuandikie, maana haki ya kuuza si ruhusa ya kuuza ugonjwa, na wateja waambie wachemshe maziwa, kila siku, hata wakikuona msumbufu. Mbele ya kamati sema hivi: maziwa ni yangu, ng'ombe ni wangu, nilidanganya kwa sababu niliogopa, na kama kuna mahali pameandikwa kwamba nisiuze, nionyesheni. Kisha nyamaza, waache wao wapekue. Wakikupa karatasi ya kuomba radhi usitie sahihi. Wakili wetu anakusubiri umpigie, namba yake tumeshakutumia.

Wakikuuliza nani alikufundisha kusema uongo, jibu ukweli, ila si kwa kumkomoa shemeji, wala usiongeze uongo mwingine wa kumkinga. Dada yako alikulea, kwa hiyo mfuate leo hii, mwambie kwa mdomo wako utakachosema Jumatatu, ili mumewe awahi kwenda kwa mkubwa wake akaseme mwenyewe. Nafasi ya kutangulia ndiyo heshima pekee anayostahili kwako. Asipoitumia akafukuzwa, kazi yake haikuondoka kwa mkono wako. Na mama mkwe mwambie kwa adabu zote kwamba umemeza, umeshiba.

Chupa ya dirishani usiiondoe. Dada na watoto wake wape, wao hawakumwaga kitu. Ila shemeji akitaka maziwa, aje mwenyewe getini asubuhi, na sare zake, apange foleni nyuma ya mama chai na alipe kama watu. Akiona haya, chai ya rangi haijaua mtu.