Chupa Iliyozunguka Nyumba Nne

Jumamosi, Makuyuni. Jua la leo ni la kukaanga mtu, na mimi nimechemka kulishinda.

Asubuhi nilimpeleka zahanati Rehema, mwanangu wa miezi mitano. Kamasi na kikohozi tangu Alhamisi. Nilienda na jibu langu tayari: nipewe antibayotiki, nirudi zangu. Nesi akamsikiliza kifua, akasema ni mafua tu. Nimnyonyeshe, nimsafishe pua, akihema kwa shida nirudi haraka.

Nikanuna. Nimetembea jua lote lile nije kuambiwa "mnyonyeshe"?

Akaniona, akanikalisha. Akasema tumbo la mtoto mchanga ndiyo kwanza linapata wakazi wake, bakteria wazuri wanaoufundisha mwili adui ni nani na rafiki ni nani. Antibayotiki ikiingia bila sababu inafyeka hata hao, na wataalamu wanaona baadhi ya watoto hao huja kusumbuliwa na pumu, mzio, hata unene ukubwani. Si kila mtoto, na akiugua kweli dawa ni lazima. Ila si ya kuchezea.

Rehema ameshainywa mara mbili, zote nilinunua mimi dukani bila cheti. Na mimi nina pumu. Najua kukosa pumzi kulivyo, sitaki mwanangu aionje hali hiyo.

Nyumbani nikamwachia mtoto mama mkwe, aliyetoka Handeni kuja kunisaidia kulea, nikaenda bombani. Kurudi namkuta anamfuta mdomo, mkononi ana kijiko na chupa ya antibayotiki ya maji, ile ya unga ambayo ikishachanganywa hudumu siku chache tu, na hii imechanganywa sijui lini. Ameiomba kwa jirani.

Jamani! Nilipayuka. Nimempayukia mama wa mume wangu mpaka majirani wakachungulia. Sijawahi, na naona aibu kuandika.

Yeye hata sauti hakupandisha. "Mwanangu, si hii uliyompa mama Asha mwenyewe? Ukamwambia ni kiboko, siku mbili tu mtoto mzima."

Nikaitazama. Jina la Rehema, mwandiko wangu.

Kweli bwana. Homa iliposhuka niliacha kumpa, iliyobaki nikaigawa, nikajiona mtu mwema. Huku kwetu dawa haimwagwi. Ukimwaga na jirani ana mtoto anakohoa, utaitwa mchoyo mpaka uhame.

Nimempigia magoti mama, nimemwomba radhi. Amesema yameisha. Hayajaisha, maana nilimuuliza chupa hiyo imepita wapi. Kwa mama Asha, kwa Mwanaidi, halafu juzi kwa Halima, ndiko alikoitoa leo.

Halima amejifungua wiki iliyopita.

Nampigia simu, haipokelewi. Nyumba yake naiona kutoka hapa nilipokaa, nguo za mtoto zimeanikwa uani. Nitamwambiaje mzazi wa siku nane kwamba dawa niliyoisifia mimi, kama ameshampa kichanga chake, hakikuihitaji, na ilishapitwa na siku zake?

Najijua. Naandika ili nisiende.

Basi, natoka.